Sauti Haikuwa na Kibali

Ijumaa ile, saa nane kasoro robo mchana, Mwalimu Yuliana Banzi alisaini kitabu cha mahudhurio mara kumi na moja. Sahihi ya kwanza ilikuwa ya siku ile yenyewe. Kumi zilizobaki zilikuwa za wiki mbili zijazo, ambazo angekuwa Ujerumani. Kila mstari aliandika saa ya kufika kazini: saa moja na robo asubuhi. Safu ya saa ya kuondoka aliiacha wazi. Uongo mmoja kwa siku, alisema, unatosha.

"Usiruke hata mstari mmoja," alisema Mwalimu Mkuu, Severin Msumi, aliyekuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. "Afisa Elimu Kata akija akakuta pako wazi, ataanza maswali."

"Lakini si tuna barua ya kibali?"

"Barua inasemaje? Hebu isome tena."

Yuliana aliisoma tena. Ofisi ya elimu ilikuwa imewaruhusu walimu wawili wa Shule ya Msingi Kilolwa kuitembelea shule rafiki ng'ambo, "mradi ufundishaji wa Darasa la Kwanza usisimame hata siku moja." Darasa la Kwanza lilikuwa la Yuliana. Lilikuwa na watoto mia na themanini na saba, na mwalimu wake mwingine alikuwa hajazaliwa.

"Sasa nani atafundisha, Mkuu?"

"Wewe saini. Mengine yatajipanga."

Yalijipanga.

Kilolwa iko juu kabisa, Mgeta imebaki chini yake, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila hodi na kabichi hukua hadi mtu akaona haya kuikata. Shule rafiki ilikuwa katika mji mdogo uitwao Lindenroda, na urafiki huo ulikuwa na umri wa miaka tisa. Kila mwaka Wajerumani waliuliza, mnahitaji nini? Kila mwaka Mwalimu Mkuu alijibu. Kwa njia hiyo shule ilikuwa imepata tufe la dunia, jezi za wachezaji wa akiba na mashine ya kupaka karatasi plastiki, inayotumia umeme ambao haujafika.

Safari hii Mwalimu Mkuu alikuwa anakwenda kuomba lango. Lango la chuma, la upinde, lenye majina ya shule zote mbili. Shule haikuwa na uzio, lakini yeye aliona hatua ni hatua.

Yuliana alikuwa anakwenda kuomba mwalimu. Mmoja tu, wa pili, wa kumsaidia Darasa la Kwanza. Ombi hilo alikuwa amelifanyia mazoezi jikoni wiki tatu, mume wake Benedikto akichambua karoti na kumrekebisha. "Usianze kwa kuomba radhi," Benedikto alimwambia. "Ukianza na samahani, watakusamehe halafu basi." Miaka kumi na miwili alikuwa amesemewa na wengine. Mara hii alitaka kusema mwenyewe.

Jumapili waliteremka kwa Land Rover ya kabichi. Kwenye kona ya tatu Yuliana alikuwa anamwambia dereva kwamba gunia limemkalia mguu. Sentensi ilianza vizuri. Katikati yake maneno yakapungua, yakawa membamba kama maji ya bomba la kijiji saa sita, yakakatika. Dereva hakuuliza, abiria wengi hunyamaza kwenye kona ile. Walipofika Mzumbe alijaribu tena, midomo ikacheza, hakikutoka kitu.

"Mafua," alisema Mwalimu Mkuu. "Huku chini kuna vumbi."

Morogoro Mjini waliingia dukani kwa Sheetal kununua makoti ya baridi. Yuliana alilishika koti la kijivu, akalitazama, akamtazama Sheetal.

"Mama, hilo ni zito, la kweli kabisa," alisema Sheetal. Yuliana hakusema kitu. "Haya, napunguza." Kimya. "Napunguza tena, mama, lakini mwisho hapo." Kimya. "Jamani mama, usinifanyie hivyo, nina watoto na mimi!" Mwalimu Mkuu akaingilia kati na kulipa, kwa kuwa Sheetal alikuwa karibu kulitoa bure.

*

Jumatatu, saa moja na robo, Mwalimu Asia alipita kwenye dirisha la Darasa la Kwanza na kusikia, "Nani kakalia kiroba cha mwenzake?"

Asia aliingia. Meza ilikuwepo, kiti kilikuwepo, watoto walikuwepo wote, wengine kwenye madawati na waliozidi chini juu ya viroba. Yuliana hakuwepo. Sauti yake ilisimama mahali anaposimama siku zote, kati ya ubao na dirisha, kwenye kimo cha mdomo wake.

"Umekuja," alisema Asia.

"Nimekuja. Nisaidie kuandika ubaoni, mimi sina mkono. Andika ba, be, bi."

Asia akaandika. Kisha alikwenda ofisini, akafungua kitabu cha mahudhurio, akaikuta sahihi ya Jumatatu na saa ya kufika. Aliona mambo yanakubaliana, akaweka tiki.

Sauti ilifanya kazi vizuri. Ilipita katikati ya mistari, ikainama kwa anayekosea, ikajua kwa jina nani kaweka kidole puani. Watoto walizoea kabla ya uji wa saa nne. Mtoto wa kiroba cha nyuma huwa hamwoni mwalimu hata akiwepo. Shida ilikuwa madaftari tu. Sauti haikuweza kusahihisha, kwa hiyo yalirundikwa mezani, yakapanda, na siku ya tatu yalikuwa yamefika usawa wa dirisha.

Siku hiyo ya tatu Benedikto alikuja na jembe lake begani, akasimama mlangoni akiwa amevua kofia.

"Mama watoto, chumvi iko wapi?"

"Nyuma ya sufuria kubwa. Na mbona jembe bado liko begani, hujafika shambani mpaka sasa?"

"Sauti haina macho, umelionaje?"

"Nakujua. Nenda kapalilie."

Benedikto alikwenda kupalilia. Kesho yake alirudi kuuliza kiberiti kiko wapi, na kesho kutwa akarudi kuuliza tena chumvi.

Mtandao wa simu Kilolwa unashika mahali pamoja tu, juu ya jiwe lililo nyuma ya vyoo. Asia alipanda pale na kuandika: "Ninyi Waluguru bwana! Mtu anakwenda Ulaya anasahau sauti nyumbani! Sisi Wazigua tungesahau nini, hata kijiko tunafunga kwenye khanga. Iko huku, inafundisha, usiwe na wasiwasi. Inakohoa kidogo kwa ajili ya chaki."

Yuliana alisoma ujumbe huo akiwa kwenye treni. Alishusha pumzi. Alikuwa amedhani imepotea.

*

Lindenroda kulikuwa na theluji na walimu. Darasa la Kwanza la kule lilikuwa na watoto kumi na tisa, walimu wawili, na mbwa.

"Huyu ni Bruno," alisema Mwalimu Ulrike, aliyewahi kuishi Morogoro miaka miwili na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama sare ya Jumatatu. "Watoto wanamsomea. Mtoto anayeogopa kusoma mbele ya mtu, haogopi mbele ya mbwa."

"Anasomewa na watoto wangapi?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Watatu watatu. Jumanne na Alhamisi, saa mbili kwa siku. Ikizidi hapo anapata msongo wa mawazo."

Mwalimu Mkuu aliandika "msongo" kwenye shajara yake. Picha ya Bruno ilikuwa ukutani pamoja na za walimu wengine, kati ya mwalimu wa muziki na mhudumu wa jengo. Yuliana alimtazama Bruno kwa muda mrefu. Bruno akaangalia pembeni.

Watoto waliuliza sauti ya mgeni iko wapi. Ulrike, aliyekuwa ameonyeshwa ujumbe wa Asia, akawaambia iko kazini. Watoto wakaitikia kwa kichwa. Mama zao wengi pia walikuwa kazini.

Kwa kuwa Yuliana hakuweza kusema, Mwalimu Mkuu alimsemea. "Mwalimu Yuliana anasema amefurahi sana." "Mwalimu Yuliana anasema supu ni tamu." "Mwalimu Yuliana anasema, hata yeye, kinachomkosesha usingizi ni lango." Katika siku saba Mwalimu Yuliana alisema mambo mengi ambayo hakuwahi kuyafikiria.

Siku ya nane aliamua kuandika. Alichukua chaki, akaandika kwenye ubao wa chumba cha walimu: watoto 187, mwalimu 1. Walimu wa Lindenroda wakaja, wakasimama, wakashika vifua. Mmoja alitoa simu akapiga picha. Jioni picha hiyo ilikuwa imechapishwa na kutundikwa kwenye fremu ukumbini, chini yake maneno ambayo Ulrike alimtafsiria huku akiona aibu: "Nguvu ya Mwalimu Mmoja."

Yuliana alirudi chumbani, akakaa kitandani na koti lake la kijivu, akamwandikia Asia: "Mkutano ni kesho, Alhamisi, huko itakuwa saa tano asubuhi. Nahitaji sauti yangu dakika mbili tu."

"Nitaiomba," Asia alijibu. "Ila saa tano ina kipindi cha hesabu, na unaijua ilivyo."

*

Mkutano wa Umoja wa Urafiki ulikuwa na wajumbe ishirini na keki mbili. Mwenyekiti wake alikuwa daktari wa meno mstaafu, mtu mpole, aliyesikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama vile kila anayeongea ana jino linalouma. Lango lilipitishwa kwa dakika nne.

Yuliana akanyoosha mkono. Akaweka simu katikati ya meza, akafungua spika yake.

Kwanza ulisikika upepo. Kisha jogoo. Kisha Asia: "Haloo? Subirini, inakuja, inamalizia hesabu. Jamani, mbona mmekuja wote? Ninyi watoto, msisukumane, kuna choo hapo!"

Sauti ilikuwa imekubali kutoka nje hadi kwenye jiwe. Watoto hawakukubali kubaki. Walikuwa wamezoea kuifuata, wakaifuata, mia na themanini na saba, wakalizunguka jiwe.

"Habari za asubuhi," ilisema sauti ya Yuliana.

"Habari za asubuhi!" waliitikia watoto, maana kipindi kilikuwa hakijaisha, na katika kipindi kila anachosema mwalimu hurudiwa.

"Mimi ni mwalimu wa Darasa la Kwanza Kilolwa."

"Mimi ni mwalimu wa Darasa la Kwanza Kilolwa!"

"Niko peke yangu."

"Niko peke yangu!"

"Nikimsikiliza kila mtoto akisoma dakika mbili tu, kengele inalia na nusu ya darasa sijaifikia. Wapo wanaomaliza mwaka sijawahi kuwasikia."

Hapo sentensi ilikuwa ndefu, watoto walirudia mwisho wake tu. "Sijawahi kuwasikia!"

"Lango hatuliombi. Tunaomba mwalimu mmoja wa pili. Hata wa nusu siku."

"Hata wa nusu siku!"

"Asanteni. Wewe, shuka juu ya jiwe."

"Shuka juu ya jiwe!"

Simu ikakatika. Ulrike alitafsiri yote, neno kwa neno, pamoja na jiwe. Mwalimu Mkuu alikuwa anaitazama keki. Wajumbe kadhaa walijifuta macho. Yuliana alikaa wima, mikono juu ya meza, kama mtu aliyetua mzigo mlangoni na anasubiri mwenye nyumba afungue.

Mwenyekiti alivua miwani. Alisema jambo hilo limemgusa sana. Alisema hajawahi kusikia ombi lililo wazi namna hiyo. Kisha akafungua katiba ya Umoja, ukurasa wa nne, akasoma taratibu, Ulrike akitafsiri: Umoja haulipi mishahara. Mishahara ni kazi ya serikali. Umoja hutoa vitu.

"Vitu gani?" aliuliza Ulrike kwa Kijerumani, kisha akajirudia kwa Kiswahili ili Yuliana asikie.

"Vitu vinavyoweza kupigwa picha," alisema Mwenyekiti, kwa upole kabisa.

Kisha mjumbe mmoja mama, aliyekuwa amelia kuliko wote, akapata wazo. Kama alivyoelewa yeye, shida ni kwamba sauti ya mwalimu haiwafikii watoto wote. Sasa, mumewe ana duka la vyombo vya muziki. Ipo spika kubwa, ya kubebeka, inachajiwa kwa jua.

Chumba kizima kilipumua. Wajumbe kumi na tisa walinyoosha mikono, Ulrike akapinga. Mwalimu Mkuu alisimama na kusema kwamba Mwalimu Yuliana amekosa maneno ya kushukuru. Kwa mara ya kwanza katika safari nzima alikuwa amesema kweli.

*

Walirudi Jumapili, Mwalimu Mkuu akiwa ameipakata spika kama mtoto wa kwanza. Yuliana alidhani sauti itampokea pale pale kwenye kona ya tatu. Haikumpokea. Nyumbani Benedikto alimkuta mkewe amesimama jikoni anafungua na kufunga mdomo.

"Haijatoka kazini?" aliuliza. Yuliana akatikisa kichwa. "Na leo Jumapili!" alisema Benedikto, akamwandalia chai.

Jumatatu alifika mapema, akaingia Darasa la Kwanza kuichukua. Ilikuwa imeshaanza silabi za ma. Alisimama mahali pake, kati ya ubao na dirisha, kwenye kimo chake mwenyewe, akafungua mdomo. Sauti ikampita kwa adabu, kama mtu anayempita mwenzake kwenye korido ya ofisi, ikaenda mstari wa tano ambako kulikuwa na mtoto anayelia.

Mwalimu Mkuu alimwita ofisini. Alikuwapo Bwana Deogratias, Afisa Elimu Kata, na barua.

Bwana Deogratias alikuwa ametembelea shule wiki iliyopita. Alikaa dawati la nyuma vipindi viwili, akaridhika, akaiomba sauti cheki namba yake ya mshahara, nayo ikamtajia bila kukosea. Kisha akaandika taarifa: ufundishaji haujasimama hata siku moja, mwalimu hayupo, watoto wanajua silabi. Ofisi ya elimu ikaisoma na kujibu kwa haraka ambayo haijawahi kuonekana.

"Hongera, mwalimu," alisema Bwana Deogratias. "Sisomi yote. Nasoma hapa penye maana. 'Kwa kuwa Darasa la Kwanza linafundishwa kikamilifu na sauti ya mwalimu husika, sauti hiyo imeingizwa kwenye ikama ya walimu wa shule. Mwalimu mwenyewe apangiwe Darasa la Pili, ambalo halina mwalimu tangu Septemba. Kwa hatua hii upungufu wa walimu Kilolwa umepungua kwa mmoja.'"

"Si uliomba mwalimu wa pili?" alisema Mwalimu Mkuu. "Amepatikana!"

"Na mshahara wa huyo wa pili?" aliuliza Asia, ambaye hakuwa ameitwa lakini alikuwa mlangoni.

Bwana Deogratias alifafanua kwamba fomu ya mwajiriwa mpya inataka picha mbili za pasipoti, na sauti haina.

"Yuliana, kataa!" alisema Asia. "Mluguru gani wewe, unauzwa huku umesimama? Kataa, nitakushika mkono!"

Yuliana alitaka kukataa. Lakini kitu cha kukatalia kilikuwa Darasa la Kwanza, kipindi cha pili. Alipiga meza kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. Bwana Deogratias aliandika kwamba mwalimu amepokea maelekezo kwa shangwe.

Jioni, watoto walipokwisha kutawanyika, Benedikto alikuja kumchukua mkewe. Hawakwenda moja kwa moja nyumbani. Waliingia Darasa la Kwanza, wakakaa dawati la nyuma, magoti yakigusa kidevu. Sauti ilikuwa imechoka, imekwaruza. Iliwasimulia siku ilivyokwenda, nani kajua kusoma "mama", nani kaja bila kula. Yuliana akamtazama mumewe, sauti ikamwambia mumewe kile Yuliana alichotaka kumwambia, Benedikto akajibu akiwatazama wote wawili kwa zamu, ili asionekane ana upendeleo.

Jumanne, saa mbili asubuhi, Yuliana aliingia Darasa la Pili. Watoto mia na sitini na nne walisimama kwa kishindo.

"Shikamoo, mwalimu!"

Alifungua mdomo. Upande wa pili wa ukuta, ndani ya spika mpya iliyowekwa Darasa la Kwanza, pakasikika:

"Marahaba. Kaeni."

Darasa la Pili likakaa. Wa Darasa la Kwanza walikuwa wameshakaa. Wakasimama kwanza, ili nao wapate kutii, kisha wakakaa. Watoto mia tatu hamsini na mmoja walitulia, wakasubiri. Yuliana aliukunja mkono wa koti lake la kijivu, akachukua chaki, akageukia ubao, akaandika tarehe.